Walinipenda sana, na shida ilianzia hapo

Nikirudi likizo Iringa, jamaa wakishamaliza kuuliza mshahara na magari wanaingia kwenye ubaguzi. Tena wanaulizia kanisa kabisa, eti mzungu anakubali kunywea kikombe kimoja na wewe? Naona kabisa wanasubiri niwape stori ya kutemewa mate, au ya mtu kuhama benchi nilipokaa. Sina. Tangu 2014 nasali na wazungu wa Minnesota, Marekani, na sijawahi kutukanwa kanisani hata siku moja, ukweli ni kwamba walinipenda mno, kuna Jumapili nilikuwa natoka pale mkono unauma kwa kushikwashikwa. Sasa nataka nieleze hilo pendo lilikuwa la nini, maana mimi mwenyewe ilinichukua karibu miaka mitatu kulielewa, na nililielewa baada ya kujiaibisha mbele ya polisi.

Nilifika Januari 2014, ile wiki gavana alifunga shule za jimbo zima kwa sababu ya baridi. Sisi watu wa Iringa tunajidai tunaijua baridi, asubuhi ya Juni pale Mafinga unapuliza moshi mdomoni, ila ile ilikuwa kitu kingine, machozi yanaganda kwenye kope. Nilifikia kwa binamu yangu, yeye Jumapili anabeba boksi, kwahiyo nilienda kanisani peke yangu kwa miguu nikifuata tu neno Lutheran kwenye kibao. Mimi nimebatizwa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, kipaimara KKKT, baba mzee wa kanisa, hata sikuwaza kutafuta pengine.

Ndani, kwenye korido ya kwenda chooni, nikakuta picha kubwa ukutani. Watoto wa shule wamevaa sare, nyuma yao kilima na milingoti. Nikasimama. Watoto siwajui lakini nchi ile naijua, udongo ule mwekundu ukikanyaga wakati wa mvua kiatu kinabaki. Kumbe usharika ule ulichangia bweni la shule ya sekondari huko kwetu, na ni kweli kuna shule kadhaa upande wa Iringa zimesimama kwa sadaka za Walutheri wa Minnesota, hilo haliwezi kupingwa. Mama mmoja, yule anayesimamia kahawa baada ya ibada, akaniona nimeganda pale akaniuliza kama nimepotea, nikamwambia hapana mama, hapa ni kwetu. Yule mama alilia. Akanishika mkono mpaka mbele, na wakati wa matangazo mchungaji akaniambia nisimame na kanisa zima likapiga makofi. Nilipigiwa makofi kwa kutoka Iringa, jambo ambalo Iringa kwenyewe hakuna aliyewahi kulipigia makofi.

Kuanzia hapo sikupungukiwa kitu. Nilipewa koti, godoro, sufuria mbili. Mzee mmoja mstaafu alinifundisha kuendesha gari kwenye theluji bila kulipwa hata senti, mwingine akaniunganishia kazi nyumba ya wazee, ndo kazi iliyonilipia chuo. Mungu awabariki na sisemi kwa kejeli. Ila pia nikawa Mwafrika wa usharika. Kukiwa na harambee ya shule naambiwa nivae shati la kitenge niseme mawili matatu, Pentekoste nasoma Injili kwa Kiswahili, wageni wakija naletwa kusalimiana nao. Kila mtu ananiambia Kiingereza chako kizuri sana, na mimi kila mara nasema asante kana kwamba ndo nasikia leo. Nilipenda, nisidanganye. Huko nje nilikuwa mtu wa kuosha wazee na kulala masaa manne, pale ndani nilikuwa mtu.

Sasa kulikuwa na Bibi. Hilo jina nilimpa mimi baadaye, mwanzoni nilikuwa namkwepa kabisa. Alikuwa Mmarekani mweusi wa miaka kama sabini hivi, nesi mstaafu, anavaa kofia nzuri za kanisani, anakaa benchi la tatu kutoka nyuma upande wa kushoto na benchi lile ni lake peke yake. Mwanzo nilidhani ndo alivyochagua. Sababu ya kumkwepa ni kwamba binamu yangu alishanionya toka uwanja wa ndege, hawa Wanyamwezi kaa nao mbali, wavivu, wana hasira, watakuponza. (Wanyamwezi halisi wa Tabora mtusamehe, sijui nani alianza kuiita Marekani Unyamwezini lakini jina lilishaganda.) Mimi nilikuwa sijaongea na Mmarekani mweusi hata mmoja na tayari nilishajua tabia zao zote. Nilizitoa wapi? Kwenye muvi, na kwa Watanzania wenzangu.

Tulianza kuongea kwa sababu ya kadi. Pale kwetu mgeni akiingia, mzee wa zamu mlangoni anampa kadi ya wageni, kikaratasi kigumu cha kujaza jina na simu na umesikiaje habari zetu. Jumapili moja nipo nyuma ya Bibi, mzee wa zamu akampa kadi, karibu sana mama, tunafurahi umetutembelea. Bibi akasema asante, akaikunja akaiweka kwenye pochi. Nikamuuliza kwa adabu kama na yeye ni mgeni. Akacheka. Akafungua pochi, akanionyesha bahasha, mle ndani kadi za wageni nikahesabu tisa. Alijiunga na usharika ule 1998. Yule mzee aliyempa kadi alikuwa amehamia mji ule miaka miwili tu kabla ya siku ile.

Nikamwambia mbona mimi nilipewa moja tu, ile siku ya kwanza? Jibu lake nimekaa nalo mpaka leo. Akasema wewe wanakukumbuka maana una kwenu, mimi kwetu ni hapa.

Sikuelewa. Nilidhani ni wivu, nakiri.

Lakini nikaanza kukaa benchi lake, na baada ya ibada ananirudisha kwa gari, na ndani ya gari lile nilisoma historia ambayo darasa la kipaimara halikuwahi kunifundisha. Yeye alizaliwa kusini akakulia kanisa la AME (African Methodist Episcopal), kanisa la Wamarekani weusi, Ulutheri aliufuata kwa mume. Akanieleza AME ilianzaje, kwamba mwishoni mwa karne ya 18 huko Philadelphia, Richard Allen na Absalom Jones na wenzao weusi walikuwa wanasali kanisa la Wamethodisti la St. George's, siku moja wapo kwenye maombi wamepiga magoti, wakaja wasimamizi kuwainua kwa nguvu wahame sehemu waliyokaa. Maombi hayajaisha. Wakangoja yaishe, wakatoka wote kwa pamoja, na kutokana na mambo hayo 1816 Allen na wenzake wakaunda kanisa lao. Mi nilikuwa najua tu kwamba Wamarekani weusi wana makanisa yao, nikadhani ni kwa sababu ya muziki, yaani wanapenda kuimba kwa nguvu na wazungu hawawezi. Sikujua kwamba waliinuliwa magotini.

Nikamwambia kwa kujitetea, sawa hao ni Wamethodisti. Akaniuliza unamjua Jehu Jones? Simjui. Mimi nimekaririshwa mpaka mlango wa Wittenberg na simjui mchungaji wa kwanza mweusi wa Kilutheri Marekani. Alikuwa fundi cherehani wa Charleston, South Carolina, akabarikiwa uchungaji New York 1832 ili aende Liberia, yaani hata kumbariki wazo lilikuwa aende mbali. Aliporudi Charleston akawekwa jela, maana sheria ya kule ilikataza mtu mweusi huru akishatoka jimboni kurudi. Akaenda Philadelphia, akakusanya Walutheri weusi wenzake wakajenga kanisa lao la St. Paul's, kisha deni likawashinda na 1839 jengo likapotea. Bibi alikuwa anasimulia hivi akiendesha taratibu, mikono miwili kwenye usukani, kama anasoma orodha ya vitu vya dukani.

Na mimi siku hizo nilikuwa nauliza kwa ujinga kabisa, kwanini kanisa letu halina watu weusi? Hawa ELCA, yaani kanisa la Kilutheri la Marekani ambalo usharika wetu ni wake, walipounganisha makanisa matatu kuanza 1988 walijiwekea lengo kwamba ndani ya miaka 10 waumini weusi, wahindi wekundu, walatino na wengine kama hao wafike asilimia 10. Utafiti wa 2014 wa kituo cha Pew cha huko Marekani ukakuta wazungu ni asilimia 96. Linganisha na KKKT yenye watu zaidi ya milioni 6, sisi ni wengi kuwashinda wao wenyewe. Mlutheri mweusi si kitu cha ajabu duniani. Ni cha ajabu pale tu.

Halafu ikaja Charleston. Jumatano usiku, Juni 17, 2015, kijana mzungu wa miaka 21 aliingia kanisa la Emanuel AME, wakamkaribisha kwenye kujifunza Biblia, akakaa nao karibu saa nzima wakisoma Marko sura ya 4, mfano wa mpanzi, kisha akaua watu tisa. Nilimpigia Bibi simu hakupokea. Baada ya siku mbili habari ikatoka kwamba yule kijana ni wetu. Muumini wa usharika wa ELCA huko huko South Carolina. Na wawili kati ya waliouawa, mchungaji Clementa Pinckney na mchungaji Daniel Simmons, walisoma seminari ya Kilutheri. Askofu kiongozi wa ELCA wakati ule, Elizabeth Eaton, aliandika waraka akalisema hilo waziwazi, sikutegemea, nilimheshimu sana.

Jumapili yake, tarehe 21, nilienda mapema. Bibi alikuwepo, kofia nyeusi. Ilikuwa Siku ya Akina Baba huko Marekani. Watoto waliimba, kila baba akapewa chokoleti, mchungaji akahubiri kuhusu baba wa mbinguni, na kwenye maombi ya kanisa, kati ya kuombea fulani aliyefanyiwa opereshini ya goti na kuombea safari ya vijana kambini, kukawa na sentensi moja, tunawaombea walioguswa na msiba wa Charleston. Moja. Nikasema labda wakati wa kahawa. Kwenye kahawa watu waliongelea nyasi na boti. Yule mama wa kahawa akanishika mkono akaniuliza Iringa wazima? Nikamwambia wazima. Bibi alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale na kikombe chake, hakuna aliyemuuliza watu wake ni wazima. Hata mimi nilikuwa sijamuuliza, nilikuwa najiuliza nianzeje.

Hawakuwa na roho mbaya, naapa. Nafikiri hawakujua tu kwamba msiba ule una wenyewe na mwenyewe yupo mle ndani. Msiba wa Iringa wangeujua. Mwaka mmoja wa njaa huko kwetu walichanga mpaka wakazidisha.

2016 tukaanza ibada ya Kiswahili. Wakongo wengi walikuwa wanaletwa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, Warundi nao, Watanzania na Wakenya wachache tuliokuwepo, tukaomba ukumbi. Tukapewa besmenti, saa nane mchana, wazungu wakishaondoka. Martin Luther King alishasema kwenye televisheni 1960 kwamba saa tano asubuhi ya Jumapili ndo moja ya saa ambazo Marekani inatengana zaidi kwa rangi, sisi tukaongeza na saa nane. Mwanzo ulikuwa mtamu. Walikuja kutuona, wakacheza na sisi, wakapiga picha. Tukawafundisha mnada, si mnajua mambo yetu, mtu kaleta mayai mtu kaleta parachichi na watu wanapandiana bei, mzee mmoja mwenye asili ya Norway alinunua kuku wa kukaanga kwa dola 60 akacheka mpaka akakaa chini.

Wakatuzoea sasa. Tulipozoeleka ndo meseji zikaanza. Harufu ya chakula inapanda mpaka juu. Kapeti lina madoa. Watoto wanakimbia. Nani kaacha jiko limewashwa, na siku ile sisi hatukuwepo kabisa, ilikuwa potlaki yao wenyewe, ule mlo wa kila mtu kuja na chakula chake, hotidishi yao ya kuoka imeungulia kwenye oveni. Funguo ya jikoni ikaondolewa kwenye ndoano. Ikawa ukitaka kupika unajaza fomu wiki mbili kabla, fomu ambayo hakuna kikundi kingine kilichojaza, si wale wa kushona mablanketi si wale wa skauti. Mimi ndo nikawa mtu wa katikati, naitwa kwenye baraza la usharika naambiwa waambie wenzako, nashuka chini nawaambia wenzangu, narudi juu nasema wamesikia. Hakuna hata mtu mmoja aliyesema neno la rangi katika yote hayo. Lilikuwa jikoni tu, kapeti tu, harufu tu. Ukilalamika utaonekana unagombania pilau.

Sasa polisi.

Jumamosi ya Novemba 2016, saa moja usiku lakini giza lilishaingia toka saa kumi na moja. Kwaya ina mazoezi. Namba za mlango wa mbele zimebadilishwa bila sisi kuambiwa, tukazunguka nyuma ambako nilikuwa na funguo, wanaume watano tunatoa spika na ngoma na kinanda kwenye buti ya gari. Kumbukeni Julai ya mwaka huo huo, Falcon Heights, mji wa jimbo hilo hilo, Philando Castile alipigwa risasi na polisi akiwa ndani ya gari lake, mtu mweusi aliyekuwa anafanya kazi jikoni kwenye shule ya watoto. Tulikuwa tumemuombea na sisi, kwa Kiswahili.

Magari mawili, taa, tochi usoni. Mikono juu tuione. Mzee mmoja wa Fizi, mashariki mwa Kongo, mtu amekaa Nyarugusu miaka kumi na nane, hakungoja kuambiwa, alilala kifudifudi kwenye theluji mikono kichwani, huko alikotoka watu wa sare walishamfundisha. Ngoma ikabiringika mpaka kwenye ukuta. Na mimi mwenye Kiingereza kizuri sana nikafungua mdomo. Nikasema ofisa, sisi ni Waafrika, tunatoka Tanzania na Kongo, ni watu wa kanisa hili, sisi sio hawa wa hapa.

Na ilifanya kazi. Hilo ndo linaloniuma. Tochi ilishuka palepale. Polisi akaniuliza Tanzania ndo kwenye ile milima? Nikamwambia ndio Kilimanjaro, nikacheka naye. Mzee wa watu bado kalala chini.

Aliyepiga simu alikuwa mama wa kahawa. Anakaa nyumba inayotazamana na paking ya nyuma. Alikuja mbio na ndala kwenye theluji, analia, ananikumbatia, sikujua ni nyie, sikujua ni nyie, niliona tu wanaume gizani. Nilimbembeleza. Jumapili akatuletea keki chini besmenti, tukala.

Stori hii nilimsimulia Bibi ndani ya gari kama kichekesho, si unajua ukishapona hatari unaisimulia kwa mbwembwe, jinsi nilivyoongea na polisi, jinsi Kilimanjaro ilivyotuokoa. Hakucheka. Akaegesha pembeni. Akaniuliza, ulisema sio hawa wa hapa, hawa nani?

Nikanyamaza.

Akasema nina mjukuu Chicago ana miaka kumi na sita, amepata leseni mwezi uliopita. Akisimamishwa yeye, atasema anatoka wapi?

Alinifikisha nyumbani, akanitakia usiku mwema kama kawaida. Sikulala, na haikuwa kwa sababu ya yule mama na simu yake. Nililala macho nikiwaza kwamba mimi na yule mama tulisema kitu kimoja usiku ule. Yeye alisema sikujua ni nyie, mimi nikasema sisi sio wale. Wote tulikuwa tumekubaliana kwamba kuna watu fulani ambao ingekuwa sawa kuwapigia simu, na mtu wa namna hiyo kwenye usharika wetu alikuwa mmoja tu, ananipa lifti kila Jumapili. Ndo nikaelewa lile la kadi. Makofi yale ya siku ya kwanza walinipigia mimi kwa sababu sikuwadai kitu, deni langu waliliweka mbali, kwenye picha ya korido, na wanalilipa kwa raha kila mwaka wanapigiwa vigelegele. Deni la Bibi liko hapo hapo mtaani na hakuna anayetaka hata kulifungua daftari lake.

Nikaanza kusikia na maneno yetu ya kule chini pia. Mzee yule yule wa Fizi, niliyemhurumia vile, alimfukuza binti yake nyumbani kwa kuchumbiwa na Mmarekani mweusi, na nusu ya kwaya ilimuunga mkono. Ukija kwenye kukaa, Wakongo wenyewe kwa makabila, Wabembe huku, Wanyamulenge kule, katikati sisi Watanzania tunajifanya hatuna makabila, wakati kila mtu anajua jinsi dayosisi za nyumbani zilivyokaa na nani hawezi kuwa askofu wapi. Na sisi tungekuwa wenye funguo, tungewanyima watu jiko vizuri tu. Nilipojaribu kulisemea siku ya mahubiri yangu niliambiwa nimeharibiwa na wazungu, kisha mwingine akasema nimeharibiwa na weusi, nikashindwa kujua nimeharibiwa na nani.

Mzee wa Fizi nilimwomba msamaha kwa kumwacha chini. Alishangaa, hakukumbuka kama nilikuwepo.

2019 ELCA ilitoa tamko rasmi la kuomba radhi kwa watu wenye asili ya Afrika, kwa utumwa na kwa ubaguzi wa baada yake, pale kwetu lilisomwa mara moja na kubandikwa kwenye ubao karibu na ratiba ya kusafisha theluji. Mwaka uliofuata George Floyd akauawa na polisi Minneapolis, Mei 25, 2020. Makanisa yamefungwa kwa korona, kwahiyo ugomvi wetu wote ulifanyika kwenye Zoom. Wapo waliotaka bango nje ya kanisa, wapo waliosema kanisa lisiingie siasa, familia tano zikahama. Ila niwe mkweli wengi waliumia kweli, wakaanza vikundi vya kusoma, yule mzee aliyenifundisha gari alikuwa anaenda kila siku kugawa maji na chakula mjini, na umri wake ule na korona ile. Jioni moja mama wa kahawa alikuwa analia kwenye skrini, anasema inawezekanaje tumeishi miaka yote hii na hatukujua, kwanini hakuna mtu wa kutuambia. Kamera ya Bibi ilikuwa imezimwa. Ikasikika sauti tu. Mimi nipo humu tangu 1998.

Hakuna aliyeongea. Mchungaji akafunga kwa sala.

Tulipofungua tena majengo Bibi hakurudi, alienda kwenye kanisa moja la AME karibu na kwa dada yake. Nilimfuata nikamuuliza ni kwa ajili ya ile siku? Akasema hapana mwanangu, nimechoka tu, nataka kukaa kanisani bila kuwa kazini. Nilisali naye kule mara kadhaa, hakuna aliyenisimamisha wala kunipigia makofi, na nisiwadanganye, kidogo nilijisikia vibaya. Alifariki 2022. Maziko yalifanyikia kule. Kutoka usharika wetu walikuja wazungu saba, mama wa kahawa akiwemo, amekaa nyuma kabisa hajui asimame lini na akae lini.

Ibada ya Kiswahili siku hizi inafanyikia juu, saa tatu asubuhi, na jiko lina funguo mbili na moja iko kwetu, hiyo ilichukua vikao kumi na moja na ningeweza kuandika kivyake. Picha ya korido bado ipo. Na mimi mwaka jana nikawekwa kwenye zamu ya mlangoni.

Jumapili moja ya Mei akaingia kijana mweusi mrefu, shati jeupe limenyooshwa vizuri. Nilichomoa kadi kabla sijawaza chochote, mkono wenyewe tu. Nikamwambia karibu sana kaka, tunafurahi umetutembelea. Akaniangalia kidogo, akasema asante, nilibatizwa hapa. Lakini kadi aliipokea. Akaikunja mara mbili akaitia mfukoni, akapita nikiwa bado natafuta la kusema, akaenda moja kwa moja benchi la tatu kutoka nyuma, kushoto.